Usiku wa Safari Hauhesabiwi

Buwenge, 9 Julai 2024

Mdogo wangu Juwairiya,

Salamu nyingi zikufikie popote gari lilipowalaza. Sisi huku wazima. Binti yangu Shakira amejifungua juzi, mtoto wa kiume, na masikio ni ya babu yake, makubwa, yamekaa wazi kama yanayosubiri umbea. Mwambie mume wetu Burhan. Na wewe hujambo? Mgongo wako na barabara ile vipi?

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu kwenye simu hujibu kitu ila "ndiyo dada, ndiyo dada", halafu unafanya unavyotaka. Maandishi yatabaki.

Nakukumbusha tu, maana watu wakifurahi husahau. Siku ile Sheikh Lukman alipotia mkono katika kofia ya Burhan, alitoa punje ya kahawa mbichi. Mbichi ilikuwa mimi, iliyokaangwa ilikuwa wewe. Kura iliniangukia mimi. Safari ya pwani ilikuwa yangu kwa haki, na tangu Burhan aling'oe viti vya Hiace yake na kuweka kitanda na jiko, nilikuwa nimeshashona mapazia ya madirisha. Nikakupa wewe kwa mkono wangu mwenyewe. Huu ni uzazi wa kwanza wa Shakira, na arobaini yake nani angemkalia kama si mama yake? Nilikupa mwezi mmoja. Mapazia pia ni yangu, usiyasogeze karibu na jiko.

Burhan ana presha. Dawa kila asubuhi, chumvi kidogo. Atakudanganya kwamba samaki wa baharini ameumbwa na chumvi yake na mtu hawezi kulaumiwa kwa hilo. Usimsikilize.

Ukimwona nyangumi, msalimie. Mwambie yuko mwanamke Jinja aliyempisha mwenzake.

Mkubwa wako,
Mastula


Diani, 17 Julai 2024

Dada yangu Mastula,

Salamu zako zimefika, na mimi nakurudishia zaidi ya hizo. Hongera ya mjukuu! Burhan aliposikia habari ya masikio alijishika yake mwenyewe, akacheka mpaka akasimamisha gari kando ya barabara. Anasema umpe Shakira pole na hongera, na mtoto abusiwe masikio yote mawili.

Tulilala kwanza Shimba, juu kwenye vilima. Asubuhi nikafungua pazia lako, ndovu huyu hapa. Bahari iko chini kabisa nyuma yake, na yeye anakula majani kama hana habari nayo. Hapa Diani tuna mbega, weusi wenye mabega meupe. Wanatembea juu ya paa la gari tukiwa tumelala. Jana mmoja ametia mkono dirishani akaondoka na mkate mzima. Burhan akamfukuza akisema, "Hii mnyama iko na tabia ya konda! Inachukua, halafu inaangalia pembeni!"

Dawa anakunywa. Chumvi nampunguzia, ananuna. Mapazia yako mbali na jiko.

Dada, asante. Sijui kama nilikushukuru vizuri siku ile. Nilizaliwa Mbale, chini ya mlima, nikasilimu kwa ajili ya Burhan, nikajifunza Kiswahili kwa ajili yake, hali nyumbani kwetu waliniambia hiyo ni lugha ya askari. Sikudhani lugha hii ingekuja kunifikisha baharini. Nyangumi bado hatujamwona. Nikimwona, salamu zako zitafika.

Mdogo wako,
Juwairiya


Jinja, 12 Agosti 2024

Juwairiya,

Salamu. Sisi wazima, na ninyi naona mmezidi uzima. Mwezi niliokupa umekwisha. Arobaini ya Shakira inaishia wiki hii, mama mkwe wake ameshika nafasi yangu, na mimi nimerudi Jinja. Nyumba nimefagia. Nimepika mikate ya gurusa na mchuzi, nimefunika kwa ile tabaga niliyosuka mwenyewe, na nimekula peke yangu.

Nilimpigia Burhan. Nikamuuliza anarudi lini. Unajua alichonijibu? "Mastula, mimi bado iko safarini. Usiku ya safari hakuna hesabu." Halafu akasema mtandao unakatika, na ukakatika kweli, kwa kidole chake.

Neno hilo amelitoa kwa sheikh na ni sahihi. Mume akisafiri na mke mmoja kwa kura, usiku wa safari haulipwi kwa yule aliyebaki. Lakini sheikh alisema safari. Hakusema mtu ahamie barabarani. Mwanamume akikaa ndani ya gari mpaka meno yamtoke, bado ni msafiri huyo? Akitaka kunikwepa maisha yake yote, kazi yake si kutia mafuta tu?

Sasa sikiliza. Zamu niliyompa mwenzangu naweza kuirudisha. Nimeuliza, nimejibiwa. Basi naichukua. Mwambie ateremke Mombasa, mimi nitakuja na basi, na wewe utapanda basi hilo hilo likirudi. Nyumba yako ya Nkoma inakungoja, na malewa ya mianzi yamejaa soko la Mbale, utayapikia karanga ujifariji.

Jana nimemtumia Burhan ujumbe wa sauti, mrefu. Yaliyomo ni yangu na yake. Wewe hakikisha tu anausikiliza. Begi nimeshafunga, liko nyuma ya mlango.

Mkubwa wako,
Mastula


Watamu, 21 Agosti 2024

Dada Mastula,

Salaam aleikum. Natumaini goti halikusumbui na mjukuu anaongezeka.

Nimemwambia. Kwanza alicheka. Nikamwambia tena, akanuna, akaenda kuosha gari ambalo halikuwa na uchafu. Baada ya hapo sikumwambia tena. Dada, usukani hauko mikononi mwangu, mimi hata kuendesha sijui.

Lakini barua yako imenichoma, kwa hiyo na mimi nitasema. Unanigombeza kana kwamba nimeiba. Wewe uliolewa na Burhan kijana. Umenisimulia mwenyewe alivyokuwa akicheza harusini mpaka wazee wanamwomba akae. Mimi niliolewa na dereva wa Jinja–Mbale. Miaka tisa alifika Nkoma na trip ya mwisho, akala, akalala na soksi, na alfajiri alikuwa stendi anapakia abiria wa kurudi kwako. Zamu zangu nilipewa zote, hakunidhulumu hata moja. Ila nilipewa mtu amelala. Huku ndiko nimemwona ameamka.

Juzi tuliona kasa wadogo wakitoka mchangani, wengi mno, kila mmoja mdogo kuliko kiganja, wanakimbilia maji. Kunguru wanawanyakua njiani. Burhan alivua shati, akawa anawafukuzia kunguru nalo, mzee mzima na kitambi chake, anapiga kelele, "Pita! Pita! Gari inaondoka!" Watu wote ufukweni walicheka. Mimi nililia, sijui kwa nini.

Ndiyo hali, dada. Nikikuambia kwamba namsukuma arudi nitakuwa mwongo. Simsukumi.

Nyangumi tulimwona kwa mbali, alirusha maji mara moja akazama. Sikuwahi kumpa salamu zako.

Mdogo wako,
Juwairiya


Jinja, 5 Septemba 2024

Juwairiya,

Pole. Na mimi nipe yangu.

Juzi asubuhi alinipigia mwanamume nisiyemjua, namba ya Kenya, akaniambia kwa Kiswahili kizuri cha redioni kwamba mume wangu amefariki. Nikamwambia amekosea namba, mume wangu yuko safarini. Akalitaja jina la Burhan na la baba yake. Mwanangu Ibra akatafuta gari, tukatoka hivyo hivyo, mimi na viatu vya kuogea miguuni. Tulipofika mpakani Busia mkatuambia mmeshazika. Nikageuzwa pale pale, nirudi kukaa eda.

Nani alimfumba macho? Nani alimwosha? Alilala ubavu gani usiku ule? Nimemzalia Burhan watoto wanne, nimemzika mama yake kwa mikono hii, na mwili wake umeingia ardhini mbele ya watu ambao hata hawajui alikuwa akipenda kuitwa nani. Najua maiti haicheleweshwi, usinifundishe dini. Lakini usiku mmoja? Ninyi mliokuwa na usiku mwingi hivyo usio na hesabu, mlikosa mmoja wa kunipa?

Rudi. Kaa eda yako Nkoma, au uje hapa nikutengee chumba cha nyuma. Sikuiti kwa mapenzi. Watu wanauliza yule mwingine yuko wapi.

Mastula


Mambrui, 15 Septemba 2024

Dada yangu,

Mungu akupe subira, na mimi anipe. Nimeshindwa kuandika mapema.

Nitakuambia ilivyokuwa, ni haki yako. Tulikuwa tumeegesha karibu na mdomo wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Pale mto unaingia baharini maji ni mekundu, na kuna heroe, wale ndege wa rangi ya waridi wenye miguu mirefu, wamesimama mamia. Na viboko. Burhan alikuwa amefurahi na viboko, anasema ni Wasoga wenzetu, wametoka Nile wakapotea njia. Asubuhi ile alisali, akakunywa dawa yake, nilimwona, akatoka na kikombe cha chai kutazama ndege. Nikamsikia akiniita, "Juwairiya, kuja uone hii." Nikachelewa kidogo natafuta mtandio. Nilipotoka alikuwa amekaa chini, kikombe kimesimama wima mchangani, hakikumwagika. Hakusema neno lingine.

Mimi nilimfumba macho. Mimi nilimwosha, imamu akiwa nje ya pazia ananielekeza. Nilitumia pazia lako, dada, kumsitiri. Alilala ubavu wa kulia.

Kuhusu kurudi, nimemwuliza imamu na mkewe. Wameniambia mjane anakaa eda katika nyumba ambayo mumewe amemwacha ndani yake. Wakaniuliza, nyumba yenu iko wapi? Nikawaonyesha gari. Wakatazamana. Halafu mke wa imamu akasema, basi ni hiyo. Wakaja vijana wakalisukuma hadi uani kwao, chini ya mnazi, na ndimo nilimo. Mlango unatazama mto. Wanawake wananiletea chakula. Sitoki ila kwa dharura, sijipaki mafuta, sijipambi. Nimekaa kwenye Hiace ile ile ambayo zamani nilikuwa nikiisubiri dirishani Nkoma.

Nisamehe kwa maziko. Jua lilikuwa kali na mimi nilikuwa peke yangu.

Mdogo wako,
Juwairiya


Jinja, 20 Oktoba 2024

Juwairiya,

Salamu. Mimi mzima wa mwili. Nasuka tabaga mchana kutwa, nimesuka mpaka wajukuu wanazivaa kama kofia.

Nilimsomea Sheikh Lukman barua yako. Alicheka, halafu akaona aibu, akaomba msamaha kwa Mungu. Anasema gari si nyumba, nyumba yako ni Nkoma, ulipaswa kurudi. Nikamkubalia. Baadaye nikafikiri peke yangu. Kwangu Burhan alikuja kula. Kwako alikuja kulala. Siku zake zote alizimalizia kwenye Hiace ile. Huenda huyo mke wa imamu amemjua mume wetu kuliko sheikh anayemjua tangu utoto. Basi kaa hapo hapo, nimekuachia.

Sasa nina neno moja, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Ule ujumbe wa sauti niliomtumia mwezi wa nane. Nitakuambia nilichosema. Nilisema, "Burhan, sikusamehe hata usiku mmoja, nitakudai wote mbele ya Mungu." Nilisema na mengine, nilikuwa na hasira. Mwisho kabisa sauti ikanishuka, nikasema nimefunga begi, aje anipokee Mombasa, nataka kuiona bahari naye kabla goti halijanikataa. Hakunijibu. Siku zikaenda, halafu akapiga yule mtu wa namba ya Kenya.

Nakuuliza kwa jina la Mungu, na wewe ndiye peke yako unayejua. Aliusikiliza? Alisema nini? Mwanamke akifiwa na mume aliye radhi naye ana pa kushika. Mimi nilimwambia nitamdai. Je, alikufa ana radhi na mimi, au alikufa na neno langu kifuani?

Usiniharakishie jibu. Lakini nijibu.

Mastula


Mambrui, 30 Novemba 2024

Dada yangu mpenzi,

Salaam aleikum warahmatullahi. Natumaini uko salama, na watoto, na mjukuu mwenye masikio. Nisamehe kwa kimya. Hapa mvua ilinyesha sana, mto ukajaa, viboko wakawa wanapanda hadi karibu na ua wanakula majani. Usiku nawasikia wakitafuna nje ya dirisha. Nimezoea.

Uliniuliza, nami nakujibu. Burhan aliusikiliza ujumbe wako. Tulikuwa Watamu, jioni, akakaa kwenye ngazi ya gari akasikiliza wote hadi mwisho. Kisha akasema, "Mastula ana haki. Mimi nimemkosea." Akasema ana radhi na wewe tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na anaomba nawe umsamehe usiku wako. Akasema baada ya kuwaona heroe wa Sabaki tutageuza gari twende Mombasa, tukupokee stendi.

Hilo ndilo nililokuwa nalo. Nilipaswa kukuambia mapema, lakini huzuni ilinifunga mdomo. Lala sasa, dada.

Mdogo wako anayekupenda,
Juwairiya


Jinja, 8 Januari 2025

Mdogo wangu Juwairiya,

Natanguliza salamu, na leo ni salamu kweli. Eda zetu zinaisha wiki hii, mimi na wewe siku moja, kama mapacha.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Mara ya kwanza nililia, nikalala usiku mzima, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu Busia. Asubuhi niliisoma tena, nikafika pale Burhan aliposema, "Mastula ana haki. Mimi nimemkosea." Juwairiya, mimi nimekaa na Burhan tangu nina nywele nyeusi. Alinikosea mara nyingi, na alijua. Alinunua samaki, aliziba paa, alinipeleka kwa dada yangu bila kuombwa. Lakini maneno hayo hayakuwahi kupita katika koo lake. Ungemtungia mengine.

Basi nikafungua simu. Unajua ujumbe wa sauti ukisikilizwa, ile alama yake inageuka buluu. Nilikuwa nikiitazama alama ile kila siku, asubuhi na jioni. Mwezi wa nane wote ilibaki kijivu. Siku aliyokufa ilikuwa kijivu. Iligeuka buluu ameshazikwa, nikiwa nimekaa hapa na wanawake wa matanga wamenizunguka. Nikadhani ni macho yangu. Sasa najua ulikuwa wewe, ndani ya gari, umeshika simu yake.

Kwa hiyo hakunisikia. Hakusikia nikimlaani wala hakusikia nikimbembeleza. Hakujua kwamba kuna begi nyuma ya mlango. Na wewe ulinisikia yote, ukajua nilivyokutukana humo ndani, maana nilikutukana, halafu ukakaa ukatafuta maneno ya kuniponya.

Asante kwa uongo wako. Vingine vyote ulivyowahi kunipa vilikuwa vyangu tangu mwanzo. Hiki kimoja kilikuwa chako.

Lakini hakijanitosha. Nina mwezi wangu. Kura iliniangukia mimi. Ukitoka eda, panda basi urudi Nkoma, gari niachie hapo hapo lilipo. Ibra atanileta. Nitakaa uani kwa imamu mwezi mmoja, nimtazame huyo heroe na huyo kiboko, na asubuhi niende kaburini kumwambia mwenyewe yale ambayo hakuyasikiliza. Nimeishiwa hasira, lakini nitamwambia hivyo hivyo.

Jambo moja nakuomba. Mto aliolalia, usiufue.

Mkubwa wako,
Mastula


Mambrui, 11 Januari 2025

Dada yangu Mastula,

Salamu zako zimenifika nikiwa nafunga mizigo. Leo nimetoka. Wanawake wamenipaka hina mikononi, nimevaa gauni jingine, na nimesimama nje ya gari nikajiona sijui kutembea.

Ufunguo uko kwa mke wa imamu. Gesi inakaribia kwisha. Mlango wa kando unabana, uinue kidogo ndipo uvute. Usitoke nje baada ya isha, viboko wanapita hapo. Heroe wamehama kwa sasa, ila wenyeji wanasema watarudi. Kaburi liko upande wa pili wa msikiti, nimelizungushia mawe ya matumbawe, utalijua.

Kweli, ni mimi niliyesikiliza. Burhan aliona jina lako kwenye simu, tukiwa Watamu, akaigeuza kifudifudi juu ya kitanda. Akasema, "Mastula nitasikia nikifika nyumbani. Leo asinivunjie bahari." Sikumwambia aigeuze tena. Hilo nalo ulijue, kwa kuwa umekataa lile jingine.

Mapazia yako yamebaki matatu. La nne alizikwa nalo.

Mto niliufua, dada. Niliufua wiki ile ile ya kwanza, kabla sijajua kama yuko mtu atakayeutaka. Niliuanika juu ya paa la gari, na jua la hapa halibakizi kitu.

Mdogo wako,
Juwairiya